Niajiri mtu wa pili? Mwongozo kamili wa kuiga foleni kwenye kompyuta, kuanzia daftari hadi msimbo

Mama mwenye kibanda cha wakala wa pesa za simu jirani na kituo chetu cha daladala aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, niajiri mtu wa pili, au nivumilie hivi hivi?" Wateja wake walikuwa wanasimama juani, wanachungulia saa kwenye simu, halafu wanavuka barabara kwa wakala mwingine. Alijua mimi nashinda kwenye kompyuta, akaona labda kompyuta inajua.

Swali hilo ndilo nitakalolitumia hapa. Watu wengi wanaotaka kujifunza uigaji wa kompyuta, au simulesheni kama wengi wanavyoiita, huanza kwa kuuliza lugha ya kuandikia programu: Python au Julia? MATLAB au R? Mimi naona hapo ndipo wanapopotea. Lugha huja baada ya swali, na swali la mama lilikuwa zuri kwa sababu lina jibu linalopimika: mteja anasubiri dakika ngapi leo, na angesubiri ngapi wangekuwepo wahudumu wawili?

Utahitaji hesabu za sekondari, kompyuta yoyote inayowaka, na uvumilivu wa kukaa kwenye benchi.

Kabla ya kugusa kompyuta: andika swali na kipimo

Chukua karatasi uandike sentensi moja yenye namba ndani yake. "Kuboresha huduma" si swali la modeli, yaani mfano wa kihesabu wa jambo halisi. "Wastani wa dakika za kusubiri kabla ya kufika dirishani" ni swali la modeli. Chini yake andika unachoweza kubadilisha (idadi ya wahudumu, aina ya huduma, saa za kufungua) na usichoweza (watu wanakuja lini). Basi. Karatasi hiyo ibandike ukutani, kwa sababu wiki mbili baadaye utakuwa unaongeza mvua, bodaboda na sikukuu kwenye modeli bila kukumbuka kwa nini.

Modeli yako ni ya ukoo gani?

Zana huchaguliwa kwa kuangalia jinsi muda unavyokwenda ndani ya modeli.

Kuna modeli ambazo ndani yake mambo hubadilika mfululizo bila kukatika: joto la maji, kiasi cha dawa kwenye damu, ugonjwa unaoenea kwenye mji. Hizi huandikwa kwa milinganyo tofautishi, yaani milinganyo inayoeleza kasi ya mabadiliko. Mfano maarufu ni ule wa Kermack na McKendrick wa mwaka 1927, unaogawa watu mafungu matatu: wanaoweza kuambukizwa, walioambukizwa, na waliotoka kwenye mzunguko kwa kupona au kufa. Kwa kazi hii tumia `solve_ivp` iliyomo kwenye maktaba (mkusanyo wa msimbo ulioandikwa tayari) ya SciPy ya Python, au kifurushi cha deSolve kwenye R. Julia, lugha iliyotolewa hadharani mwaka 2012, ina kifurushi cha DifferentialEquations.jl ambacho kwa ukoo huu ni hodari sana. Milinganyo yako ikiwa mingi na mizito, nenda huko. Chuo chako kikiwa kinafundisha kwa MATLAB na wewe huna leseni, GNU Octave ni ya bure na inasoma sehemu kubwa ya msimbo ule ule. Wahandisi wa mitambo na umeme wana lugha ya Modelica, na programu yake ya OpenModelica haidai hata senti.

Ukoo wa pili ni wa matukio. Muda unaruka kutoka tukio moja hadi jingine, na katikati hakuna kinachotokea: mteja amefika, mteja amehudumiwa, dirisha limefungwa. Foleni zote ziko hapa, iwe hospitali, bandari, kaunta ya benki au pakiti za data kwenye mtandao. Kibanda cha mama kiko hapa pia.

Ukoo wa tatu unaitwa modeli za mawakala, na hapa jina linaweza kukuchanganya, maana hauna uhusiano wowote na wakala wa pesa. Ni modeli ambamo kila mtu, mbu au gari lina akili yake ndogo na kanuni zake, nawe unatazama kundi zima linazaa nini. NetLogo, iliyobuniwa na Uri Wilensky mwaka 1999, ndiyo njia rahisi ya kuingilia. Hata mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuendesha mifano iliyokuja nayo siku hiyo hiyo. Kwa magari barabarani kuna SUMO, zana ya bure kutoka kituo cha anga cha Ujerumani, DLR, inayoweza kuchukua ramani ya OpenStreetMap na kuigeuza mtandao wa barabara. Ukitaka kuiga makutano ya mtaa wako, barabara zenyewe huenda tayari zimechorwa.

Modeli kubwa zinazoendeshwa na taasisi huwa zimeandikwa kwa lugha zinazokimbia. WRF, inayotumika duniani kutabiri hali ya hewa, kwa sehemu kubwa ni Fortran, lugha iliyotoka IBM mwaka 1957 na bado haijastaafu. OpenMalaria, iliyojengwa chini ya taasisi ya afya ya kitropiki ya Uswisi iliyoko eneo la Basel, ni C++. Usitishike. Hakuna anayekudai uanze na C++ ili kujua foleni ya kibanda.

Na Monte Carlo? Hiyo si ukoo, ni mbinu inayopita kwenye koo zote: unarusha bahati mara nyingi mno kisha unatazama wastani. Mwanahisabati Stanislaw Ulam aliiwaza mwaka 1946 akiwa anapona ugonjwa na anacheza karata peke yake, akajiuliza uwezekano wa kushinda ni kiasi gani. John von Neumann akaipeleka kwenye kompyuta ya ENIAC. Jina lilitokana na kasino ya Monaco.

Kaa kwenye benchi

Hatua hii haina kompyuta, na ndiyo inayorukwa kuliko zote. Nilikaa pembeni ya kibanda siku tatu na daftari lenye safu nne: kufika, kuanza kuhudumiwa, kumaliza, na aina ya huduma. Safu ya nne niliiongeza siku ya pili, na kama utakavyoona, bila hiyo ningetoa ushauri mbovu.

Angalizo moja ambalo vitabu vya wenzetu havina. Siku ya pili mchana nilimwachia kijana wa jirani daftari. Akaandika "10:15", yaani saa kumi na robo jioni, kama mtu yeyote mwenye akili timamu. Mimi nilikuwa naandika kwa saa ya simu. Nilipoingiza data zote mahali pamoja, kibanda kikafurika saa nne asubuhi na jioni kikawa tupu kama msikiti baada ya isha. Nilihangaika nusu siku kutafuta kosa kwenye msimbo. Kubalianeni mapema mnaandika saa gani, na andikeni juu ya kila ukurasa.

Kutoka kwenye daftari lako chomoa vitu viwili: wastani wa dakika kati ya mteja mmoja na anayemfuata, na wastani wa dakika za huduma. Kwa mfano wetu, niliviringisha, yaani nilikadiria namba ziwe rahisi: mteja mmoja kila dakika 5, huduma dakika 4.

Simama hapo kidogo. Huduma dakika 4, mteja kila dakika 5. Kila mtu niliyemwonyesha namba hizo alisema hakuna tatizo, mhudumu ana dakika nzima ya kupumua kati ya mteja na mteja. Ndiyo maana tunaiga.

Sakinisha kwa bando dogo

Kwa ukoo wa matukio nakushauri Python na maktaba ya SimPy. Pakua Python ya kawaida kutoka python.org. Usianze na Anaconda kama unatumia bando la simu. Itakula mamia ya megabaiti kwa vitu ambavyo hutavigusa. Kisha fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) uandike:

```
pip install simpy
```

SimPy ni ndogo, inashuka kwa muda mfupi. Kama huna kompyuta, Google Colab inaendesha Python ndani ya kivinjari cha simu, na hapo unaandika `!pip install simpy` kwenye kisanduku cha kwanza. Inachosha vidole lakini inafanya kazi.

Watakaokutajia Arena au AnyLogic wako sahihi kwamba zipo na zina michoro mizuri. Zinauzwa ghali, ingawa AnyLogic ina toleo la bure la kujifunzia. JaamSim ni ya bure kabisa na ina michoro pia. Lakini mtu aliyejifunza kwa kuburuta visanduku mara nyingi hawezi kukueleza kisanduku kinafanya nini ndani, kwa hiyo tuanze kwa mikono.

Mistari michache ya kwanza, bila maktaba

Foleni ya dirisha moja haihitaji hata SimPy. Mteja anafika, anaanza kuhudumiwa muda ule ule kama dirisha liko wazi, la sivyo linapokuwa wazi. Hiyo ndiyo modeli nzima:

```python
import random

def foleni(idadi, kati, huduma, mbegu):
    r = random.Random(mbegu)
    sasa = 0.0
    dirisha_wazi = 0.0
    jumla = 0.0
    for i in range(idadi):
        sasa += r.expovariate(1 / kati)
        kuanza = max(sasa, dirisha_wazi)
        jumla += kuanza - sasa
        dirisha_wazi = kuanza + r.expovariate(1 / huduma)
    return jumla / idadi

print(foleni(1_000_000, 5, 4, 7))
```

`expovariate` inatoa vipindi vya nasibu, vifupi vingi na virefu vichache, na kwa watu wanaokuja kila mmoja kwa shughuli zake vipindi hivyo hukaribia ukweli. `mbegu` ni namba ya kuanzishia bahati nasibu: ukirudia mbegu ile ile utapata matokeo yale yale hadi nukta ya mwisho, jambo litakalokuokoa unapotafuta makosa.

Endesha. Utapata namba inayozunguka 16. Dakika kumi na sita za kusubiri, kwa mhudumu ambaye kwa hesabu ya kichwani ana muda wa kupumua.

Usiiamini bado

Namba iliyotoka kwenye kompyuta haina haki ya kuaminiwa kwa sababu tu imetoka kwenye kompyuta. Kila modeli inapoanza, irudishe kwenye hali rahisi ambayo jibu lake linajulikana kwa kalamu. Kwa foleni, bahati yetu ni kwamba kazi hiyo ilishaanzwa na Agner Krarup Erlang, Mdenishi aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni ya simu ya Copenhagen; andiko lake la 1909 lilihusu simu zinazoingia kwa nasibu, na la 1917 likatoa fomula za mistari ya simu.

Kwa dirisha moja, gawa muda wa huduma kwa muda kati ya wateja: 4 ÷ 5 = 0.8. Hicho ndicho kiwango cha mhudumu kuwa kazini. Wastani wa kusubiri ni

0.8 × 4 ÷ (1 − 0.8) = 16

Msimbo na kalamu vimekubaliana. Kama vingetofautiana mbali, kwa mfano 16 dhidi ya 9, ningetafuta kosa kwanza na si maelezo. Makosa mengi hapa ni ya vipimo: saa mahali pa dakika, au `expovariate(5)` mahali pa `expovariate(1/5)`. La pili limenipata mara mbili, na sioni aibu kulisema.

Kagua pia kwa macho. Mwaka 1961 John Little alithibitisha kanuni rahisi: wastani wa watu waliopo ni kasi ya kufika mara muda ambao kila mmoja anakaa. Hapa mteja mmoja kila dakika 5 ni 0.2 kwa dakika, kila mmoja anakaa dakika 16 za kusubiri na 4 za huduma, 0.2 × 20 = watu 4. Nenda kibandani, hesabu vichwa mara ishirini kwa saa tofauti. Ukikuta wastani ni watu kumi, modeli yako ni ya kibanda kingine.

Sasa cheza na fomula kidogo. Mtandao ukisumbua na huduma ikatoka dakika 4 hadi 4.5, kusubiri kunakuwa 0.9 × 4.5 ÷ 0.1, yaani dakika 40.5. Nusu dakika ya mtandao mzito imezaa dakika ishirini na nne na nusu za jua. Mhudumu anapokaribia kuwa kazini muda wote, foleni haiongezeki taratibu, inalipuka.

Sasa SimPy, na wahudumu wawili

Mistari ya juu inatosha kwa dirisha moja. Ukiongeza mhudumu wa pili, mapumziko, au wateja wanaokata tamaa, inageuka fundo. Hapo ndipo maktaba inapojilipa.

SimPy ilitoka mwaka 2002 ikichota mawazo ya Simula, lugha ambayo Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard waliijenga katika kituo cha kompyuta cha Norwei miaka ya 1960 kwa ajili ya uigaji hasa. Kila anayeandika `class` leo kwenye Python au Java anakula matunda ya Simula 67, hata kama hajawahi kulisikia jina. Wazo ambalo SimPy imelirithi ni hili: unaandika maisha ya mteja mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, na neno `yield` linasema "hapa anasubiri".

```python
import random, statistics, simpy

def siku_moja(mbegu, wahudumu):
    rm = random.Random(mbegu)
    rh = random.Random(mbegu + 100000)
    env = simpy.Environment()
    dirisha = simpy.Resource(env, capacity=wahudumu)
    subira = []

    def mteja():
        kufika = env.now
        with dirisha.request() as zamu:
            yield zamu
            subira.append(env.now - kufika)
            yield env.timeout(rh.expovariate(1 / 4))

    def mlango():
        while True:
            yield env.timeout(rm.expovariate(1 / 5))
            if env.now > 600:
                return
            env.process(mteja())

    env.process(mlango())
    env.run()
    return statistics.mean(subira)
```

Siku ni dakika 600, saa kumi za kazi. Zipo bahati nasibu mbili, `rm` ya mlangoni na `rh` ya huduma, ili mbegu moja ilete wateja wale wale saa zile zile hata unapobadilisha idadi ya wahudumu. Hapo unalinganisha siku ile ile mara mbili, na tofauti unayoona inatokana na mhudumu, si na bahati.

Angalia mlango unavyofungwa. Toleo langu la kwanza lilikuwa na `env.run(until=600)`, linalokata kila kitu dakika ya 600. Matokeo yakawa mazuri kupita kiasi, kwa sababu waliokuwa bado kwenye mstari wakati wa kufunga hawakuhesabiwa, na mara nyingi hao ndio waliosubiri kuliko wote. Sasa mlango unafungwa, lakini waliokwisha kufika wanahudumiwa hadi wa mwisho, kama mama mwenyewe anavyofanya.

Endesha siku nyingi:

```python
for wahudumu in (1, 2):
    m = [siku_moja(k, wahudumu) for k in range(200)]
    wastani = statistics.mean(m)
    kosa = 1.96 * statistics.stdev(m) / len(m) ** 0.5
    print(wahudumu, round(wastani, 2), "+/-", round(kosa, 2))
```

Kwa mhudumu mmoja utapata chini ya 16, na si kosa. Fomula ni ya foleni iliyodumu muda mrefu; kibanda kinafunguliwa asubuhi bila mtu, na inachukua saa kadhaa foleni kufikia urefu wake wa kawaida. Kwa swali la mama, siku inayoanza tupu ndiyo halisi, kwa hiyo tunaiacha. Kama ungekuwa unaiga chumba cha dharura kisichofungwa, ungetupa saa za mwanzo kabla ya kuanza kuhesabu.

Chapisha pia orodha `m` yenyewe uitazame. Siku moja ina wastani wa dakika tatu, nyingine thelathini, na hakuna kilichobadilika zaidi ya bahati. Anayeendesha modeli mara moja na kuripoti namba moja hajaiga kitu, amepiga ramli. Na ukitaka kupunguza hilo "+/-" (kiasi ambacho wastani wako unaweza kukosea) kwa nusu, siku za kuendesha ni mara nne.

Kwa wahudumu wawili, fomula ya Erlang ya muda mrefu inatoa dakika 0.76, sekunde arobaini na sita hivi. Kutoka dakika kumi na sita. Nilikuwa tayari kumwambia mama aajiri.

Rudi kwenye safu ya nne

Kabla ya kumwambia, nilichora muda wa huduma wa kila mteja kwenye karatasi ya miraba. Kama ungefuata `expovariate`, ungeona mteremko mmoja laini. Nilichokiona ni vilima viwili vilivyotengana: kimoja cha watu wa dakika mbili hadi tatu, kingine kidogo cha watu wa robo saa na zaidi. Safu ya nne ikasema ni akina nani: wa kwanza wanaweka na kutoa pesa, wa pili wanasajili laini, na wenye vidole vilivyochoka kwa jembe au sabuni hurudia alama hadi mashine ikubali.

Tuviringishe tena: kati ya wateja kumi, tisa wanachukua dakika 2.5 na mmoja anachukua 17.5. Wastani bado ni dakika 4 kamili. Badilisha mstari wa huduma:

```python
def huduma(r):
    return 17.5 if r.random() < 0.1 else 2.5
```

na ndani ya `mteja` weka `yield env.timeout(huduma(rh))`. Kwa kalamu, fomula ya Pollaczek na Khinchine inataka wastani wa miraba ya muda wa huduma: 0.9 × 6.25 + 0.1 × 306.25 = 36.25. Kisha 0.2 × 36.25 ÷ (2 × (1 − 0.8)) = dakika 18.1 za kusubiri kwa muda mrefu. Kama kila mteja angechukua dakika 4 kamili, ingekuwa 8. Wastani ule ule, foleni mbili tofauti kabisa.

Sasa jaribu kitu ambacho hakikuwa kwenye swali. Ondoa wasajili wa laini kwenye mstari huu, wapewe saa yao, tuseme baada ya saa tisa alasiri kwa miadi. Wanaobaki ni tisa kati ya kumi, 0.18 kwa dakika, kila mmoja dakika 2.5:

0.18 × 6.25 ÷ (2 × (1 − 0.45)) = 1.02

Dakika moja, na hakuna mshahara mpya. Bila safu ya nne kwenye daftari nisingeiona, na wala SimPy, Julia au programu ya mamilioni isingeniambia.

Ukiwa na data za kutosha, acha hata hizi namba za kuviringisha. Weka dakika halisi za daftari kwenye orodha na utumie `rh.choice(orodha)`, modeli itachota huduma kutoka kwa watu wa kweli. Kufika nako kubadilike kwa saa, kwa sababu asubuhi si sawa na jioni ya mwisho wa mwezi:

```python
kati_kwa_saa = [8, 6, 5, 5, 6, 7, 5, 4, 4, 5]
saa = min(int(env.now // 60), 9)
yield env.timeout(rm.expovariate(1 / kati_kwa_saa[saa]))
```

Kumpelekea mwenye swali

Sikumpelekea grafu. Nilimpelekea karatasi yenye mistari mitatu: ilivyo sasa, ukiajiri, ukitenga usajili wa laini. Mbele ya kila mstari dakika za kusubiri kwa siku ya kawaida na kwa siku mbaya, ile ambayo siku moja tu kati ya ishirini huwa mbaya kuipita. Siku mbaya unaipata kwa `sorted(m)[189]` kwenye siku zako 200. Watu huamini zaidi siku mbaya, maana wanaikumbuka.

Alisoma, akanyamaza, kisha akasema: "Sawa mwanangu, lakini hapa hukuweka floti. Ikiisha saa nane, hata wakiwa wahudumu kumi watafanya nini?"

Alikuwa sahihi. Modeli yangu haikuwa na pesa ndani yake. SimPy ina kitu kinachoitwa `Container`, chombo chenye ujazo, na wakala anahitaji viwili, keshi ya kwenye droo na floti ya kwenye simu, vinavyopanda na kushuka kinyume. Ongeza hivi juu ya `mteja`:

```python
keshi = simpy.Container(env, init=600000)
floti = simpy.Container(env, init=600000)
walioondoka = []
```

na ndani ya `mteja`, baada ya kupata zamu:

```python
kiasi = rh.choice([10000, 20000, 50000, 100000])
anatoa = rh.random() < 0.6
toka, ingia = (keshi, floti) if anatoa else (floti, keshi)
if toka.level < kiasi:
    walioondoka.append(env.now)
    return
yield toka.get(kiasi)
yield ingia.put(kiasi)
```

Usiandike `yield toka.get(kiasi)` bila kukagua kwanza. SimPy itamsimamisha mteja hapo hapo dirishani hadi pesa ipatikane, na foleni nzima itaganda nyuma yake. Mteja halisi hafanyi hivyo. Anageuka na kuvuka barabara. Orodha ya `walioondoka` ndiyo inayokuonyesha ni saa ngapi wanaanza kuvuka, na kwa namba za mama ilianza mapema kuliko saa nane.